Ngeli ya Mgunga

Mwalimu Chipanha aliugawa ubao kwa mstari wa chaki.
Kushoto, A-WA: mtu, mbuzi, kwelea.
Kulia, U-I: mkate, mguu, mgunga.
Nusu ya madawati yalikuwa matupu.
Ulikuwa mwezi wa nne, Bahi, uwele unakaza punje,
na nusu ya darasa la tano ilikuwa shambani
ikipiga madebe.

Mimi nilibahatika.
Dada yangu Nyemo alishinda juu ya dungu
na kombeo, na sauti iliyokwisha kukauka,
ili mimi nijue ngeli.

Nianze na kwelea.
Hakuna anayemwona mmoja.
Huja kama moshi usio na jiko,
hupinda, hujikunja, hugeuka wote mara moja
kama shuka linalokung'utwa na watu wawili usiowaona,
kisha shuka hutua kwa Mbijima,
na likiinuka, pamebaki mabua yanashangaa.

Mmoja nilimshika, baada ya jiwe la Nyemo.
Alikuwa na joto. Hakuwa na uzito wa kitu.
Mdomo mwekundu, kama mtoto aliyeonja rangi,
na kooni, nilipombonyeza, punje nne za kwetu.
Nne tu.
Nikajaribu kumchukia kwa hizo nne, nikashindwa.
Chuki yetu ilihitaji awe wengi.

Mgunga hauji.
Bibi aliukuta, na bibi yake bibi.
Ubavuni una makovu, walikochuna magome
wapate nyuzi za kufungia paa la tembe.
Una miiba ya aina mbili:
mirefu, nyeupe, ya kukuonya,
na mifupi iliyopinda, ya kukushika shati usipoonyeka.
Maganda yake hujisokota kama masikio ya ndama,
mbuzi huyafuata hata kiangazi kikiwa kimekausha mate.
Hauombi maji. Ukikosa, unakaa na kiu yako.

Huyu ana mabawa na hana kwake.
Huo una kwao, wala hauna pengine.
Lakini usiku walilala pamoja,
viota mia, viota elfu, mpaka matawi yakainama,
na mti unaochoma kila mtu
haukumchoma yeye.

"Mwizi ana mwenyeji," alisema Mbijima, akinoa shoka.
Kabla hajafika, serikali ilituma ndege kuwaua ndege.
Msicheke. Nyemo alicheka, kisha akanyamaza.
Ngeli ndiyo iliyotenganisha:
ndege ilipita, ndege walianguka.
Jioni moja, mara mbili juu ya bonde,
harufu kama ya betri iliyopasuka,
na asubuhi tukakatazwa kuokota.
Chini ya mgunga palikuwa pamejaa
midomo midogo, myekundu,
kama shanga zilizokatika uzi.

Mti haukuhojiwa.

Mwaka uliofuata, pale penye kivuli chake,
uwele ulisimama kumpita baba,
majani mabichi, meusi kwa shibe.
Tulivuna. Tulikula.
Hakuna aliyesema tumekula nini.

Darasani niliinua mkono.
"Mwalimu, mgunga umekufa?"
"Haujafa."
"Basi una uhai. Mbona haumo kwenye A-WA?"
Chaki ilisimama.
Mwalimu alitazama dirishani, kule ulikokuwa,
akatazama saa, akapangusa vumbi kwenye suruali.
"Andika ulivyofundishwa," alisema, si kwa ukali.
Nikaandika. Nikapata tisini.

Jioni nilimpelekea Nyemo maji dunguni.
Kombeo lilikuwa mapajani, anga tupu.
Aliutazama mti muda mrefu,
kisha kwa sauti yake iliyobaki, kama bua likivunjwa,
akasema: "Mgunga anawangoja."

Sikumsahihisha.